Kishikwambi Bila Bando: Nani Hasa Anatumia Teknolojia Bila Uwajibikaji?



Kila semina ya walimu siku hizi ina mada moja isiyokosekana: "matumizi sahihi ya teknolojia". Anasimama ofisa na projekta yake, anatuambia sisi tunaosomea ualimu tuwe na maadili mtandaoni, tusipoteze muda TikTok, tusisambaze taarifa zisizothibitishwa, tulinde heshima ya taaluma. Tunapiga makofi, tunakunywa soda, tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunaondoka.

Kwa mada yenyewe sina ugomvi. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, mwaka wa mwisho, na naamini kabisa kwamba mwalimu asiyejua kuitumia teknolojia kwa akili na kwa adabu atawaumiza watoto wa watu. Ugomvi wangu ni huu: kwa nini anayehubiriwa ni mwalimu peke yake? Kwa nini mwenye kununua vifaa, mwenye kupanga bei ya bando, mwenye kukusanya taarifa za watoto wetu na mwenye mkono kwenye swichi ya intaneti hakai naye kwenye kiti cha mbele akasikiliza?

Tusidanganyane. Kama kuna mtu katika nchi hii anayetumia teknolojia bila uwajibikaji, wa kwanza si mwalimu wa Kibondo mwenye simu iliyopasuka kioo. Wa kwanza ni Serikali. Nitaeleza kwa hoja, na mwisho nitatugeukia sisi wenyewe, kwa sababu hata sisi vijana wa upinzani tuna la kuambiwa.

VISHIKWAMBI VYA SENSA

Agosti 2022 nchi ilifanya Sensa ya Watu na Makazi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Sensa ilipokwisha, Serikali ikatangaza kwamba vifaa hivyo vinakwenda kwa walimu, na mwisho wa mwaka ule walimu zaidi ya laki mbili wakaanza kugawiwa. Picha zikapigwa. Mabango yakachapishwa. Wenyeviti wa kila ngazi wakashukuru.

Na mimi nasema: wazo halikuwa baya. Kifaa kilichonunuliwa kwa fedha ya umma kisilale stoo. Hapo wanastahili pongezi na natoa.

Lakini kishikwambi si chaki. Chaki ukimpa mwalimu, anaandika. Kishikwambi kinataka umeme, kinataka bando, kinataka mtandao unaoshika, kinataka fundi kikiharibika, na kinataka mtu wa kumwelekeza mwalimu namna ya kukiingiza kwenye somo. Ukimpa kifaa peke yake ukamwachia hayo mengine, umemwongezea bili.

Hebu tupige hesabu ndogo ya darasani. Darasa lina watoto 120, na madarasa ya namna hiyo hatuyatafuti kwa tochi. Kipindi ni dakika 40. Kishikwambi ni kimoja, cha mwalimu, na kioo chake ni kama daftari. Ukitaka kila mtoto akishike akione, kila mmoja anapata sekunde 20. Sekunde 20, halafu kengele! Hakuna projekta ya kukuza picha, hakuna spika. Sasa mwalimu huyu ukimwambia "fundisha kwa TEHAMA", unamwambia afanye kitu gani?

Matokeo yake kila mtu anayajua. Vingine vipo kabatini kwa mwalimu mkuu kwa kuogopa kuibiwa, vingine nyumbani watoto wanaangalia katuni. Halafu anakuja ofisa na projekta kutuambia walimu hatuna utamaduni wa teknolojia.

Na haya hayajaanzia kwetu, mifano ilikuwepo ya kujifunza. Peru waligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi wao kuanzia mwaka 2008. Watafiti walipokwenda kupima, hawakuona watoto kupanda katika hisabati wala kusoma. Hapa jirani Kenya, serikali ya Jubilee iliingia madarakani 2013 na ahadi ya kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikazua kesi, miaka ikapita, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Sweden, nchi tajiri ambayo haijui mgawo wa umeme, mwaka 2023 iliamua kurudisha fedha kwenye vitabu vya karatasi. Na mwaka huohuo wa 2023 UNESCO ilitoa ripoti nzima ya dunia kuhusu teknolojia katika elimu, ikahimiza kwamba kwanza tuulize mtoto atafaidika nini, kifaa baadaye.

Sisi tuliuliza nini? Tuliuliza sensa ikiisha vifaa tuvipeleke wapi.

HATA TANU ILILIELEWA HILI

Wazee wa chama tawala wanapenda sana kumtaja Mwalimu Nyerere kwenye majukwaa. Basi nami nitawarudisha huko huko.

Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Teknolojia yake ilikuwa redio. Hivyo tu. Lakini tazama walivyoipanga. Vipindi vilirushwa kwa ratiba inayojulikana. Vijitabu viliandikwa kwa Kiswahili rahisi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa hewani. Kisha watu wazima takribani milioni 2 wakakaa kwenye vikundi, wakasikiliza pamoja, wakajadiliana, wakaamua cha kufanya kijijini kwao: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu.

Unaona tofauti? Kifaa kilikuwa rahisi, na nguvu zote ziliwekwa kwa mtu. Leo tumegeuza: nguvu zote kwenye kifaa, mtu tunamwachia semina ya nusu siku. Halafu waliofanya hivyo wanajiita warithi wa Nyerere.

Redio ile haikumwomba mkulima bando. Haikumwambia "nywila yako si sahihi". Ilimkuta alipo, kwa lugha yake, na ikampa nafasi ya kujibu. Hicho ndicho kipimo changu cha teknolojia inayowajibika, na nikikitumia kupima mifumo ya leo, mingi inafeli.

MIFUMO INAYOMTAZAMA MWALIMU, SI MTOTO

Chukua PEPMIS. Kwa wasioijua, huu ni mfumo wa kielektroniki ambao watumishi wa umma wanajazia majukumu na utekelezaji wao, uliokuja kuchukua nafasi ya OPRAS ya makaratasi. Mwalimu anatakiwa aingie, aweke kazi zake, aweke alichotekeleza, msimamizi wake athibitishe. Kupima utendaji ni jambo la haki. Mwananchi analipa kodi, ana haki ya kujua mtumishi anafanya nini.

Ila muulize mwalimu wa kijijini anavyojaza. Bando ni la kwake. Simu ni ya kwake. Mtandao uko juu ya kilima au chini ya mwembe fulani. Siku za mwisho wa kujaza, mfumo unazidiwa, unazunguka tu. Vitisho vya kukosa kupanda daraja navyo havikosekani. Kwa hiyo mwalimu anaacha kipindi, anapanda kilima kutafuta mtandao, ili athibitishe kwenye mfumo kwamba alikuwa darasani akifundisha. Haiingii akilini, lakini ndiyo hali.

Na mifumo haiko mmoja. Kuna wa taarifa za shule, kuna wa usajili wa mitihani, kuna wa mafunzo kazini, kuna wa uhamisho na likizo. Kila mmoja una nywila yake. Ukijumlisha saa, unakuta teknolojia imeingia shuleni kwa nguvu kweli, lakini imeingia ofisini, haijaingia darasani. Imekuja kumhesabu mwalimu. Kumsaidia mtoto kuelewa sehemu za desimali bado.

Sitaki mtu aniambie napinga maendeleo. Ninachosema ni kidogo sana: mwajiri akidai kazi ifanyike mtandaoni, mwajiri alipie mtandao. Dereva wa Serikali hajazi mafuta kwa mshahara wake. Kwa nini mwalimu ajaze bando?

WALIMU WA KIZAZI CHA SIMU WAPO MTAANI

Kuna kejeli nyingine inayouma zaidi. Wanasema walimu wengi ni wazito kwenye teknolojia, wanahitaji mafunzo. Sawa. Lakini vijana waliokua na simu mkononi na waliosomea ualimu kwa mkopo, wako wapi?

Wako mtaani. Zilipotangazwa ajira za walimu ambazo usaili wake ulifanyika mwanzoni mwa 2025, nafasi hazikufika 15,000. Walioomba walipita 200,000. Hiyo ni zaidi ya watu kumi na watatu wanaogombea kiti kimoja. Mwalimu wa fizikia anaendesha bodaboda, mwalimu wa hisabati anauza vocha, na mtoto wa kidato cha pili kule Sumbawanga vijijini hana mwalimu wa somo hilo hilo. Walimu hao walipojikusanya mwaka huohuo kuunda umoja wao wa wasio na ajira, walipokelewa kwa mashaka kana kwamba ni wahalifu.

Sasa nikisikia kiongozi anasema atatatua upungufu wa walimu kwa "darasa janja", mwalimu mmoja mjini anafundisha kwenye skrini na shule kumi zinatazama, nasisimka mwili. Darasa janja linaweza kusaidia pale ambapo shule zina umeme, zina mtandao na kuna mwalimu upande wa pili wa kumwinua mtoto aliyekwama. Likiwa kisingizio cha kutokuajiri, ni utapeli. Skrini haioni kwamba Neema wa dawati la nyuma hajala tangu jana.

Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na zile za msingi na vidato vya chini hazikufunguliwa mpaka Juni 29. Miezi zaidi ya mitatu. Vipindi viliwekwa kwenye televisheni na redio, na shule binafsi za mijini zikahamia WhatsApp na Zoom. Mtoto wa Masaki aliendelea na masomo. Mtoto wa Longido aliendelea kuchunga. Teknolojia ileile, nchi ileile, watoto wawili, njia mbili. Hapo ndipo kila mwenye macho aliona kwamba teknolojia bila usawa inapanua pengo.

SWICHI IKO KWA NANI?

Tufike kwenye mwiba wenyewe.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Watu waliuawa siku zile, na nchi ikakaa gizani mpaka Novemba 3. Wengine wataandika juu ya damu, nami naungana nao kudai haki. Hapa nataka niulize swali la kimwalimu: serikali inayoweza kuzima intaneti ya nchi nzima kwa siku hizo zote, inapata wapi ujasiri wa kutufundisha matumizi ya kuwajibika?

Na haikuwa mara moja. Oktoba 2023 TCRA ilitaka watumiaji wa VPN wajiandikishe. Tangu Mei 2025 mtandao wa X umefungiwa, huku watendaji wa Serikali haohao wakiendelea kuutumia kutoa matangazo, maana yake nao wanapita njia ya panya. Septemba 2025 JamiiForums ikafungiwa siku 90. Kila mara sababu ni ileile: maadili, usalama, taarifa za uongo.

Fikiria mtihani wa kidato cha nne, ambao hufanyika Novemba. Mtoto amehimizwa mwaka mzima apakue mitihani iliyopita, aingie Maktaba Mtandao ya TET, aangalie masomo YouTube. Zikiwa zimebaki wiki chache, intaneti hakuna. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anatakiwa kuwasilisha kazi, hakuna. Mwalimu aliyeambiwa ajaze mfumo, hakuna. Ukiifanya elimu itegemee mtandao halafu ukauweka mtandao chini ya hofu zako za kisiasa, umeiweka elimu nayo chini ya hofu hizo.

Katiba yetu, hii hii mbovu tunayodai ibadilishwe, Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi na mawasiliano binafsi. Hizo ndizo kanuni za kwanza za matumizi ya kuwajibika ya teknolojia, na hazikuandikwa kwa ajili ya walimu peke yao.

TAARIFA ZA WATOTO SI MALI YA MATANGAZO

Hoja ambayo hata sisi wapinzani tunaipita juu juu ni ya faragha ya mtoto.

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kwenye karatasi tuko vizuri. Sasa nenda kwenye utekelezaji. Kila mwaka orodha za waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza zinawekwa mtandaoni: jina, jinsia, shule anayotoka, shule anayokwenda. Binti wa miaka 13 au 14, mtu yeyote duniani mwenye bando anaweza kujua Januari atakuwa wapi. Tumeizoea, hatushtuki. Mzazi anafurahi kuliona jina. Lakini jiulize nani mwingine anaisoma orodha hiyo. Namba ya mtihani ingetosha. Ujumbe mfupi kwa mzazi ungetosha.

Kampuni nazo zipo. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti 163 za elimu zilizopendekezwa na serikali katika nchi 49 wakati wa korona. Asilimia 89 zilikuwa na vitendo vilivyohatarisha au kukiuka haki za watoto katika kushughulikia taarifa zao. Yaani mtoto anajifunza jedwali la kuzidisha, na huku nyuma kuna mtu anamjifunza yeye. Nani hapa kwetu anakagua programu kabla haijaingia shuleni? Mkataba unasema nini taarifa zikivuja? Mzazi anaulizwa lini?

AKILI MNEMBA NA UTUMWA WA MAKARATASI

Najua mnasubiri nifike hapa: ChatGPT na wenzake. Kwenye vyuo vyetu habari ndiyo hiyo. Insha zinaandikwa na mashine, wahadhiri wanalalamika, wanafunzi wanacheka.

Suluhisho la watawala litakuwa ni lilelile: kupiga marufuku na kutisha. Lakini angalia chanzo. Mtoto wa kitanzania anafundishwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha Januari anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Hajui kujieleza kwa lugha hiyo, na hakuna anayempa muda wa kuijua. Ukimpa kazi ya kuandika kurasa mbili, atafanya nini? Zamani alikuwa anakariri noti. Leo anainakili mashine. Kukariri na kunakili ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni mfumo unaodai maneno bila kujali kama yameeleweka.

Na mwalimu naye hivyo hivyo. Anatakiwa awe na azimio la kazi, andalio la somo, shajara ya somo, vyote viwe nadhifu siku wathibiti ubora wa shule wakija. Mashine inatoa andalio la somo kwa dakika moja. Mthibiti anaona karatasi nzuri, anaweka saini. Somo lenyewe lilifundishwa? Watoto 120 walielewa? Hilo halina safu kwenye fomu. Ukitengeneza utumishi unaolipa karatasi, mashine itakupa karatasi mpaka uchoke.

Sasa mwalimu anayewajibika afanyeje? Nasema ninavyoamini, na ndivyo nitakavyofanya nikipata darasa.

Rasimu ya kwanza iandikwe darasani, kwa mkono, hata kama ni aya moja. Mtoto atakayepeleka kazi aliyoiandaa nyumbani asimame aielezee kwa maneno yake, na kama Kiingereza kimemkwamisha, aelezee kwa Kiswahili kwanza. Kisha tuitumie mashine yenyewe kama kitu cha kuchunguzwa. Waambie wanafunzi wa kidato cha tatu waiulize historia ya kijiji chao, au namna watu wa ukoo wao walivyoshiriki Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wachukue jibu hilo, wampelekee babu au bibi mwenye kumbukumbu, wafungue na kitabu, warudi na orodha: hiki kweli, hiki uongo, hiki hatujui. Mtoto aliyefanya zoezi hilo mara tatu hatadanganywa kirahisi na mashine, wala na mwanasiasa. Labda ndiyo maana zoezi la namna hiyo halipewi kipaumbele!

Na kwa mwalimu: tumia akili mnemba kutunga maswali ya ziada, kupata mifano, kurahisisha maelezo. Hakiki kila kitu kabla hakijafika ubaoni. Usiipe majina ya wanafunzi wako, matokeo yao wala matatizo ya nyumbani kwao. Na usiiachie kusahihisha kazi ya mtoto ambaye wewe hujaisoma. Mtoto aliyeandika kwa jasho anastahili kusomwa na mtu.

SISI JE?

Niliahidi kutugeukia.

Oktoba 2016 video ilisambaa nchi nzima ikionyesha walimu wakimshambulia mwanafunzi ofisini kwa mateke na ngumi, katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Walimu wale walikuwa wa mazoezi. Yaani watu kama mimi, waliokuwa kwenye TP. Kanuni za viboko za nchi hii zenyewe zinasema visizidi vinne na vitolewe na mkuu wa shule au aliyekasimiwa kwa maandishi. Bila ile kamera ya simu, lile jambo lingezikwa ofisini. Waziri aliingilia, vyuo vikachukua hatua.

Nimelitaja kwa sababu mbili. Kwanza, ukatili haukuletwa na simu. Simu ilileta ushahidi. Wanaosema simu ndizo zinazoharibu shule wajue kuna mambo yaliharibika kabla. Pili, sura ya yule mwanafunzi ilizunguka kwenye kila simu ya nchi hii akiwa anapigwa, na wengi waliosambaza walisema wanamtetea. Unaweza kudai haki ya mtoto na bado ukamdhalilisha kwa namna unavyoidai. Ushahidi upelekwe panapohusika, na sura ya mtoto ifichwe.

Kwa hiyo walimu wenzangu mnaorekodi watoto wakikosea kusoma ili mpate wafuasi TikTok, acheni. Mtoto hakuja shule kuwa kichekesho chako. Miaka kumi baadaye atakwenda kwenye usaili na video hiyo bado ipo.

Na makamanda, nasi tunapokwenda kwenye shule yenye darasa la nyasi kupiga picha ya kuichapa Serikali, tupige jengo. Tupige matundu ya vyoo. Tusipige sura za watoto waliokaa chini na nguo zimechanika. Umaskini wao si bango letu. Vilevile wapo wanaosambaza picha za akili mnemba na takwimu za kubuni kwa sababu zinaiumiza CCM. Hizo hazitujengi. Tunaidai Serikali ukweli. Hatuwezi kuidai kwa uongo. Watu wanaotaka kuja kuongoza wizara ya elimu waanze kujifunza nidhamu hiyo wakiwa bado upinzani.

TUNACHODAI

Kulalamika bila madai ni umbea, kwa hiyo naweka mezani:

1. Kila mfumo wa Serikali ambao mwalimu analazimishwa kuutumia upatikane bila gharama ya bando. Serikali ikubaliane na kampuni za simu. Kama mtu anaweza kupiga namba ya dharura bure, anaweza kuingia Maktaba Mtandao ya TET na PEPMIS bure.

2. Kabla ya kununua kifaa kimoja zaidi, itangazwe kwa kila halmashauri shule ngapi zina umeme, ngapi zina mtandao, na vishikwambi vilivyogawiwa vingapi vinafanya kazi leo.

3. Fedha ya teknolojia isichukue nafasi ya ajira za walimu na vitabu vya karatasi. PDF ni msaada, si mbadala wa kitabu cha mtoto asiye na simu.

4. Majina ya wanafunzi yaondolewe kwenye orodha za wazi mtandaoni, na programu yoyote inayoingia shuleni ikaguliwe kwanza na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ripoti iwe wazi kwa wazazi.

5. Kuzima intaneti kupigwe marufuku kwa sheria, na katiba mpya iitaje haki ya mtandao waziwazi.

6. Badala ya kumrudisha nyumbani mwanafunzi wa sekondari kwa sababu ya simu na kumaliza hapo, kuwe na vipindi vya simu chini ya usimamizi wa mwalimu. Sisemi simu ziingie bwenini. Nasema kijana tunayemnyima mafunzo akiwa na miaka 17 tunamtarajia apige kura akiwa na 18, huku ameachiwa TikTok imfundishe peke yake.

7. Mafunzo ya teknolojia kwenye vyuo vya ualimu yafanywe kwa vitendo kwenye mazingira halisi: darasa kubwa, umeme wa kukatika, simu moja. Kutufundisha PowerPoint kwa ajili ya shule isiyo na soketi ni kutupotezea muda.

Wale wa semina wakinialika tena nitakwenda, na soda nitakunywa. Ila kipindi cha maswali nitanyoosha mkono niwaulize haya saba, moja baada ya jingine. Nawaomba kila mwanachuo wa ualimu anayesoma hapa afanye hivyo hivyo kwenye semina yake, kwa heshima, kwa hoja, bila kutukana. Tuliosomea kazi ya kuuliza maswali tusiogope kuuliza.

Mwalimu mtarajiwa anawasalimu.

Aluta continua!